Kiti cha mtoto kinayumba ndani ya gari, na kila mtu ana lake la kusema

Mshauri mpendwa,

Assalaam aleikum. Naomba nikusumbue kwa jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi limeninyima usingizi. Naishi Kisauni, na Mwenyezi Mungu ametujaalia mtoto wa kike ambaye sasa ana miezi mitano na uzito wa kilo 7, kwa mujibu wa kadi yake ya kliniki. Nimerejea kazini mjini, kwa hivyo kila asubuhi tunavuka Daraja la Nyali pamoja naye ili tumwache kwa mavyaa wangu huko Tudor, na jioni tunampitia. Gari letu ni Toyota Axio iliyotumika, iliyoletwa kutoka Japani.

Wifi yangu anayeishi Uingereza alitutumia kiti cha gari alichokuwa akimpakilia mwanawe. Kina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na imeandikwa kwamba kinamfaa mtoto tangu kuzaliwa hadi kilo 18. Hata hivyo kilifika bila kitabu cha maelezo. Tulijaribu kukifunga wenyewe tukashindwa, kwa sababu kina njia za mkanda za rangi ya buluu na nyingine nyekundu, pamoja na vibano viwili ambavyo hatukujua kazi yake. Mume wangu akaenda nacho kwa fundi wetu wa gereji. Fundi alikifunga kikitazama mbele, akashindilia kipande cha sponji chini yake ili kikae sawa, na akatuhakikishia kwamba kimeshika. Mimi naona hakijashika. Nikikisukuma ubavuni kinakwenda upande kwa upana wa kiganja, na gari likipita juu ya tuta nakiona kikiinama. Niliuliza pia katika duka moja linalouza vifaa vya watoto, na msichana niliyemkuta alinijibu kwa adabu kwamba wao huuza tu, hawafungi.

Mume wangu anasema kiti kikitazama nyuma kitambana mtoto miguu, na hakuna atakayemwona uso. Mavyaa wangu naye hataki kabisa kusikia habari ya kiti. Husema mtoto wa miezi mitano si mzigo wa kufungwa kamba, na kwamba yeye aliwalea wanawe wote mapajani wala hapakuwa na aliyedhurika. Tukiwa naye garini hukaa mbele na kumpakata mjukuu wake, nami kwa kumheshimu hunyamaza. Mwisho wa mwezi huu tunakwenda Voi harusini, na safari hiyo inanitia hofu.

Naomba unieleze: ni nani hapa Mombasa anayeweza kutufungia kiti hiki inavyotakiwa? Kitazame wapi? Kiti kilichotumika kinafaa? Na je, nimwambie nini mavyaa wangu pasipo kumvunjia heshima?

Mama Mwenye Wasiwasi, Kisauni


Mwanangu,

Wa aleikum salaam, na hongera kwa kujaaliwa. Nitaanza na lile lisiloweza kungoja. Kabla ya safari yenu ijayo, hata ikiwa ni ya kufika Kongowea tu, kiondoeni kipande hicho cha sponji na kigeuzeni kiti kitazame nyuma ya gari. Wasiwasi wako ni wa haki, na kiganja chako kimepima vizuri kuliko macho ya fundi.

Mtoto wa umri huo ana kichwa kikubwa na kizito kwa kulinganisha na mwili wake, na mifupa ya shingo yake haijakomaa. Gari linalogonga kwa mbele husimama, lakini vilivyomo ndani huendelea kwenda. Mtoto akiwa anatazama mbele, mikanda humshika mabega huku kichwa kikirushwa, na shingo ndiyo inayobaki kukizuia. Akiwa anatazama nyuma, mgongo wa kiti humpokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja, na nguvu ya kishindo husambaa juu ya eneo lote hilo. Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti vya watoto, ile yenye namba 129, inataka mtoto atazame nyuma hadi apite umri wa miezi 15. Kiti chako ni cha kanuni ya zamani, namba 44, ndiyo maana lebo yake inapima mtoto kwa kilo. Na hata kanuni hiyo iliyo laini zaidi huruhusu kiti cha aina yako kutazama mbele kuanzia kilo 9 pekee. Binti yako ana kilo 7. Kwa hivyo jinsi fundi alivyokifunga, hakikuwa katika hali ambayo kilipimwa na kuidhinishwa kwa mtoto wa uzito wake.

Mwambie baba yake kwamba hoja ya miguu ni ya huruma, na ina jibu. Watoto hukunja magoti au hukaa kwa kupishanisha miguu, na hukaa hivyo kwa raha hata nyumbani sakafuni. Mguu ukiumia huungwa, lakini jeraha la uti wa shingo laweza kumlemaza mtoto maisha yake yote. Msimharakishe kumgeuza hata atakapofika kilo hizo 9. Kiti cha aina hii kwa kawaida huruhusu kutazama nyuma hadi kilo 13, na mngoje mpaka afikie kikomo kilichoandikwa kwenye lebo, au mpaka utosi wake ukaribie ukingo wa juu wa kiti kwa kadiri kitabu kitakavyosema. Kuhusu kumwona uso, mtu mzima mmoja na akae kiti cha nyuma kando yake. Nitalirudia hili, kwa sababu ndilo litakalokusaidia pia kwa mavyaa wako.

Sasa swali lako la kwanza, la nani awafungie. Nchini Marekani kuna mafundi waliosomea kazi hii peke yake na kupewa cheti, na mzazi huweza kupeleka gari lake kwenye kituo cha zimamoto, cha polisi au hospitali katika siku zilizopangwa, akakaguliwa kiti bila malipo. Jambo ninalotaka ulizingatie ni jinsi wanavyofanya kazi: fundi mzuri hamfungii mzazi kiti akamwacha aende zake, bali husimama pembeni na kumwelekeza mzazi akifunge kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa mzazi ndiye atakayekifungua na kukifunga tena wiki ijayo. Na huko huko, pamoja na mafundi wote hao, mamlaka ya usalama barabarani inakadiria kwamba viti 46 katika kila 100 vina kosa fulani katika kufungwa au kutumiwa. Kwa hiyo usijione mjinga kwa kushindwa mara ya kwanza, na pia usidhani kwamba mtu mwenye spana mkononi anajua kazi hii kwa sababu anajua injini.

Ushauri wangu ni kwamba kiti hiki mkifunge wewe na mumeo, wawili pamoja, mmoja akisoma na mwingine akifunga, kisha mbadilishane ili kila mmoja aweze peke yake. Kinachowazuia ni kitabu, na kitabu kinapatikana. Kigeuze kiti uangalie lebo iliyo chini au mgongoni; utaona jina la mtengenezaji, jina la aina ya kiti na namba ya kuidhinishwa. Watengenezaji wengi huweka vitabu vyao kwenye tovuti zao, na kwa jina hilo utakipakua bure. Kama hakipatikani, mwombe wifi yako akipige picha ukurasa kwa ukurasa ikiwa bado anacho. Yeye alikitumia kiti hicho kwa mtoto wake, basi siku mtakayokifunga mpigieni simu ya video mkiwa ndani ya gari, na mgeuzie kamera kwenye kila hatua. Chukueni pia kitabu cha gari. Kama kimeandikwa Kijapani, simu inaweza kukitafsiri kwa kamera, na sehemu mnayoihitaji ni ile ya mikanda na viti vya watoto. Fundi wenu msimkosee adabu; akitaka kusaidia, mpeni kitabu kwanza. Akikisoma, na akae nanyi. Akikiweka kando na kusema amekwisha kufunga vingi, mshukuruni na mwendelee wenyewe.

Mahali pa kukifunga ni kiti cha nyuma, na mimi ningechagua upande wa kushoto. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hivyo ukiegesha kando ya barabara utamtoa mtoto ukiwa umesimama upande wa watembea kwa miguu, wala hutampa mgongo mwendesha bodaboda anayepenya kwenye foleni. Tena kiti kinachotazama nyuma huhitaji nafasi, na ni rahisi kukisogeza mbele kiti cha abiria kuliko cha dereva. Hakikisheni mkanda wa gari mahali hapo ni ule wa pointi tatu, wenye kipande cha kiunoni na cha begani, kwa kuwa viti vya aina yako huhitaji huo. Mkanda wa kiunoni pekee, ambao baadhi ya magari ya zamani huwa nao katikati, haufai hapa.

Njia za rangi zilizowachanganya ndizo zilizowekwa kuwaongoza: buluu ni ya kiti kinachotazama nyuma na nyekundu ni ya kiti kinachotazama mbele. Fuateni buluu peke yake. Kipande cha kiunoni kina njia yake na cha begani kina yake, na kosa linalotokea mara nyingi ni kuvipitisha kinyume. Mkanda usijipinde mahali popote. Upitisheni polepole huku mkiulaza kwa vidole. Ukisikia mlio wa kufungika, vuta kuhakikisha umeshika.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo bila shaka fundi wenu aliiruka, nami naiona kuwa kiini cha tatizo lenu. Kufunga kifungo hakutoshi, kwa sababu mkanda wa kawaida wa gari huachia na kurudi kwa urahisi, na hujifunga pale tu gari linaposhtuka. Lazima uondoe ulegevu wote kwa nguvu zako. Mmoja wenu akikandamize kiti cha mtoto kwa uzito wa mwili, kwa kiganja au kwa goti, hadi sponji ya kiti cha gari ibonyee. Wakati huo huo mwingine avute kipande cha kiunoni kwanza, ulegevu wake uhamie kwenye kipande cha begani, kisha auvute huo wa begani hadi usibaki wa kuvutika. Akiwa bado ameushikilia, ndipo kibano hufungwa juu ya mkanda, ikiwa kitabu kinasema kitumike. Kazi ya kibano ni kuushika mkanda ili mvuto mlioupata usipotee. Viti vingine hukitumia katika hali ya kutazama mbele tu. Kitabu kitaeleza ni kipi na lini, nanyi msibahatishe.

Tazameni pia mahali kifungo cha mkanda wa gari kinapolala baada ya kukazwa. Katika baadhi ya magari shina la kifungo ni refu, na kifungo chenyewe hupanda na kuegemea ukingo wa plastiki wa kiti cha mtoto. Kikiwa hivyo, gari likigonga chaweza kuvunjika au kufunguka, na pia huwezi kuukaza mkanda vizuri. Mkiona hali hiyo, jaribuni upande mwingine wa kiti cha nyuma.

Kisha pimeni. Weka mkono wako pale mkanda unapopita kwenye kiti, si kwenye ncha ya juu, na ukitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa nguvu ya kawaida ya mkono mmoja. Mahali hapo kisisogee zaidi ya sentimita 2.5, yaani takriban inchi moja. Upana wa kiganja ulioueleza ni mara tatu ya kipimo hicho au zaidi. Ncha ya juu ya kiti kinachotazama nyuma huweza kucheza kidogo, na hilo lisiwatishe ikiwa penye njia ya mkanda pametulia. Mkiona kinazidi kipimo, fungueni kila kitu na muanze upya. Kuukaza mkanda uliokwisha kukaa vibaya hakusaidii. Kipande cha sponji nacho hakina nafasi katika kazi hii, kwa sababu sponji laini hubonyea kwa kishindo, na papo hapo mkanda ulioonekana kukaza hulegea.

Mwinamo una uzito wake pia. Kiti kikisimama wima mno, kidevu cha mtoto mchanga huangukia kifuani akilala, na pumzi yake huweza kuzibika. Kikilala mno, humlinda kidogo wakati wa ajali. Viti vingi vina mstari au kipimo ubavuni kinachoonyesha mwinamo sahihi, nacho hutazamwa gari likiwa limeegeshwa mahali palipo sawa. Taulo iliyoviringishwa ili kurekebisha mwinamo itumike tu ikiwa kitabu cha kiti kinairuhusu. Kwa sababu hiyo hiyo ya pumzi, mkifika Tudor mtoeni kitini hata kama amelala fofofo. Kiti cha gari ni cha safari, wala si kitanda.

Kuna watu watakaokwambia kwamba bila ISOFIX mnajisumbua bure. ISOFIX ni vyuma viwili vilivyofichwa kwenye pengo kati ya mgongo na kikalio cha kiti cha gari, ambavyo viti vilivyoundiwa mfumo huo hujinasa moja kwa moja. Faida yake kubwa ni kupunguza makosa. Kiti chako kikiwa ni cha mkanda, kifungeni kwa mkanda, na kikishika ndani ya kipimo nilichotaja kitafanya kazi yake.

Baada ya kiti kushika gari, mtoto naye ashikwe na kiti, na hapa nawaona wazazi wengi wa pwani wakikosea kwa mapenzi. Humvingirisha mtoto kwa kanga au blanketi, ndipo wanapomfunga mikanda juu yake. Nguo hizo hubonyea wakati wa kishindo, na ulegevu uliofichwa ndani yake hujitokeza. Mkalishe na nguo nyepesi, matako na mgongo vikiwa vimegusa kiti, mikanda ya bega ikitokea usawa wa mabega yake au chini kidogo maadamu anatazama nyuma, kisha ikaze. Jaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili penye mfupa wa bega: ukiweza kuinua kikunjo, bado umelegea. Kanga mfunike juu ya mikanda iliyokwisha kufungwa, na iwe nyepesi, maana joto letu mnalijua. Gari likikaa juani, funika kiti kwa kitambaa cheupe, na kabla ya kumkalisha gusa vyuma vya vifungo kwa upande wa nyuma wa mkono wako, kwa kuwa huweza kumbabua ngozi. Na asiachwe peke yake ndani ya gari lililofungwa, hata kama unashuka kununua maji tu.

Kuhusu kiti kilichotumika, kwa jumla mimi siwashauri wazazi kununua cha mtu wasiyemjua, kwa sababu kiti kilichowahi kuwa ndani ya ajali huweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho, na muuzaji hatakwambia. Chako kimetoka kwa wifi yako, na hiyo ni tofauti kubwa. Muulize wazi kama kimewahi kupata ajali au kuanguka kwa kishindo, na kama aliwahi kubadilisha kipande chochote. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi huchongwa kwenye plastiki ya chini. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa kati ya miaka 6 na 10, kwani plastiki na mikanda huchakaa. Kagua kama mikanda imenyauka au kukatika nyuzi, na kama kifungo kinafunga na kufungua vizuri. Yote hayo yakiwa sawa, kitumieni bila hofu.

Tumefika kwa mavyaa wako. Naelewa unyamavu wako, lakini katika hili hupaswi kunyamaza tena, na pia si wewe wa kwanza kusema. Mumeo na azungumze na mama yake, kwa faragha na kwa upole, kabla ya siku ya safari na wala si mlangoni mwa gari. Asimwambie kwamba alikosea kuwalea, kwa sababu hakukosea: aliwalea kwa yale yaliyokuwepo. Amwambie lile ambalo mikono ya mwanadamu haiwezi. Gari likiwa katika spidi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha mjini, likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 7 huchopoka kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100, yaani zaidi ya gunia zima la mahindi. Hakuna nyanya, wala baba mwenye kifua kipana, anayeweza kulizuia gunia hilo kwa mikono akiwa ameketi. Kumzungushia mtoto mkanda mmoja na mtu mzima ni hatari zaidi, kwa kuwa uzito wa mkubwa humbana mdogo dhidi ya mkanda.

Na kiti cha mbele kina hatari yake ya pekee. Mfuko wa hewa ulio ndani ya dashibodi umetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, na hufumka kwa kasi inayoweza kumuua mtoto aliyepakatwa mbele yake. Ndiyo maana kiti kinachotazama nyuma hakifungwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Baada ya kumweleza hayo, mpeni mavyaa nafasi yake ya heshima: akae nyuma kando ya mjukuu wake, naye akiwa amefunga mkanda. Atamwona uso, atamshika mkono, atamwimbia, atampangusa mate. Siku mtakayokifunga kiti mwiteni aje akitikise mwenyewe, na mfundisheni kufunga na kufungua mikanda ya mtoto, maana huenda siku moja akahitajika kufanya hivyo peke yake. Mtu aliyekishika kiti kwa mkono wake akaona hakitikisiki hukiamini kuliko yule aliyeambiwa.

Mtoto atalia siku za mwanzo. Msimfungue gari likiwa linakwenda, wala usimnyonyeshe njiani akiwa nje ya kiti, hata mkiwa kwenye foleni inayotambaa. Egesheni, mtoe, umnyonyeshe, umpoze, kisha umfunge upya. Safari ya Voi ni kama kilomita 150 na njia ina malori mengi, kwa hivyo ondokeni mapema na mpange vituo tangu nyumbani. Mimi ningesimama Mariakani, kisha penye msikiti wa Sayyid Baghali pale Mackinnon Road, ambapo wasafiri wengi husimama, ili mtoto anyooshwe mgongo na asikae kitini kwa saa mbili mfululizo. Mizigo mizito msiiweke wazi kwenye kiti cha nyuma karibu naye; yote iingie kwenye buti. Asubuhi ya kuondoka, tikiseni kiti tena penye njia ya mkanda, kwa sababu mkanda hulegea taratibu kwa mtikisiko wa kila siku, na fanyeni hivyo kila mara mnapokitoa na kukirudisha.

Mkikwama, niandikie tena ukitaja jina la kiti lililo kwenye lebo na mwaka wa gari, na unieleze ni hatua gani iliyowashinda.

Mshauri wako